BEI YA BOKSI SI BEI YA JIKO

Makabati ya kuunganisha humwokolea fedha mwenye nyumba anayepima kabla ya kununua

Mwenye nyumba anayemalizia fleti nne za kupangisha pale Tabata au Kimara hufika mahali ambapo wenzake wengi hufika. Lipu imekauka, maji yamevutwa, umeme umeingia, fedha zimebaki za kuhesabu, na jiko bado ni chumba kitupu chenye bomba linalochungulia ukutani. Mpangaji wa siku hizi akifunguliwa mlango hutazama choo, halafu jiko. Akikuta sakafu tupu na sinki lililoegeshwa juu ya matofali, huomba apunguziwe kodi au huaga kwa heshima na asirudi.

Hapo ndipo makabati ya jikoni yanapoacha kuwa pambo na kuwa sehemu ya mtaji. Kwa mwekezaji mdogo, hasa aliyejenga kwa mkopo, kila mwezi ambao fleti inakaa bila mpangaji ni marejesho yanayotoka mfukoni. Anataka jiko la haraka na la bei nafuu, lisiloaibisha nyumba. Soko linampa njia mbili. Ya kwanza ni makabati yanayoagizwa kutoka nje, vipande vikiwa vimelazwa ndani ya boksi pamoja na skrubu, bawaba na karatasi ya maelekezo, mnunuzi akaunganishe mwenyewe. Ya pili ni fundi seremala wa Keko au wa mtaani, anayenunua bodi, kuzikata na kuzifunga kwa kipimo cha mteja.

Mabishano juu ya ipi ni rahisi kuliko nyingine hayaishi, na mara nyingi hufanywa kwa kulinganisha vitu viwili visivyolingana. Bei iliyobandikwa kwenye boksi ni bei ya mbao na skrubu. Haina ndani yake sinki, bomba, kaunta, usafiri, fundi, silikoni, wala vipande vya kujazia pengo kati ya kabati na ukuta. Bei ya fundi wa Keko nayo, ikitajwa kwa mdomo kwa "mita moja ya kabati", mara nyingi haisemi ni bodi ya aina gani wala bawaba za namna gani. Anayefanya uamuzi kwa bei hizo mbili tu anapima chumvi kwa mita.

Kwa nini boksi likashinda dunia

Wazo la jiko linalopangwa kwa vipimo vinavyojirudia si geni. Mwaka 1926 msanifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko la nyumba za gharama nafuu za mji wa Frankfurt, Ujerumani. Chumba kilikuwa na upana wa karibu mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, kila kitu kikiwa mahali pake ili mpishi asipoteze hatua. Majiko yapatayo 10,000 ya aina hiyo yalifungwa. Miaka 30 baadaye, mwaka 1956, kampuni ya IKEA ya Sweden ilianza kuuza samani zilizofunguliwa na kulazwa kwenye boksi.

Faida ya kibiashara iko kwenye hewa. Kabati la chini lenye upana wa sentimita 60, kina cha 58 na kimo cha 72, likiwa limesimama, hula robo ya mita ya ujazo. Vipande vyake vikilazwa pamoja na skrubu na karatasi za kuzuia mikwaruzo, havifiki sehemu ya ishirini ya mita ya ujazo. Kontena la futi 20 lina nafasi ya mita za ujazo 33 hivi. Litabeba makabati kama 120 yaliyosimama, au zaidi ya 600 yaliyolazwa. Mfanyabiashara anayenunua Foshan au Guangzhou na kulipia meli mpaka bandari ya Dar es Salaam hana haja ya kuelezwa zaidi ya hapo.

Lakini kilichookolewa melini kinaweza kuliwa forodhani. Tangu Julai 1, 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki imekuwa na ngazi nne za Ushuru wa Pamoja wa Forodha, ya juu kabisa ikiwa asilimia 35, na samani zimo katika ngazi hiyo. Kwa mzigo ambao thamani yake pamoja na bima na nauli ni shilingi 1,000,000, ushuru wa asilimia 35 ni shilingi 350,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya Tanzania Bara, asilimia 18, hupigwa juu ya jumla hiyo ya 1,350,000, nayo ni shilingi 243,000. Mzigo wa milioni moja umekuwa wa shilingi 1,593,000 kabla ya tozo nyingine, gharama za bandari, wakala na lori. Nchi mwanachama inaweza kupewa kiwango tofauti kwa kipindi maalumu, hivyo mwagizaji aulize wakala wake kabla ya kutuma fedha, si baada ya kontena kufika.

Ushuru huo ndio unaompa fundi wa Keko pumzi ya kushindana. Kama ataitumia au ataipoteza, inategemea anavyokata bodi.

Kuta za nyumba zetu

Kosa linalogharimu zaidi hufanyika kabla ya duka. Mwenye nyumba huchukua futi kamba, hupima ukuta mara moja karibu na sakafu, huandika mita 3.20 kwenye kiganja, kisha huenda kununua. Ukuta wa tofali za saruji uliopigwa lipu kwa mkono hauwi mnyoofu kiasi hicho. Unaweza kuwa mita 3.20 chini, 3.17 kwenye kimo cha kaunta na 3.15 juu ya dirisha. Makabati yaliyonunuliwa kujaza mita 3.20 kamili hayataingia, na kabati la boksi halipunguzwi kwa msumeno bila kuharibu upande wake uliofunikwa.

Kanuni ya mafundi wazoefu ni kupima urefu wa ukuta mahali patatu na kuchukua kipimo kidogo kuliko vyote. Pembe hukaguliwa kwa guni. Sakafu hupimwa kwa pima maji ili kujua ilipo juu zaidi, maana kutoka hapo ndipo kimo cha makabati yote kitaanzia. Kisha huchorwa mahali bomba linapotoka, mahali maji machafu yanapoingia, soketi ziko wapi, na dirisha linaanzia kimo gani. Mchoro huo ukichorwa kwenye karatasi ya hesabu yenye visanduku, sentimita 10 kwa kila kisanduku, unatosha. Hauhitaji kompyuta.

Makabati ya boksi huja kwa upana unaojirudia: sentimita 30, 40, 50, 60, 80 na wakati mwingine 100. Kwa ukuta wa mita 3.15, mpangilio mmoja unaokubali ni kabati la sinki la 80, la droo la 40, mawili ya 60, na nafasi ya 60 ya jiko la gesi la kusimama. Jumla ni mita 3.00. Sentimita 15 zinazobaki haziachwi ziwe pango la mende. Hugawanywa vipande viwili vya kujazia, kimoja kila mwisho, na vipande hivyo ndivyo vinavyopunguzwa kufuata ukuta uliopinda. Anayesahau kuvinunua hugundua siku ya kufunga kwamba mlango wa kabati la pembeni unagonga ukuta na haufunguki wote. Nafasi ya jiko nayo ipimwe kwa jiko lenyewe. Jiko la sentimita 60 halipendi kusukumwa kwenye nafasi ya 60 kamili, kwa hiyo iachwe sentimita moja ya ziada na vipande vya kujazia vipunguzwe kiasi hicho.

Sinki lisihamishwe. Mwenye nyumba anayetaka sinki chini ya dirisha wakati bomba la maji machafu liko ukuta wa pili analipa kuvunja sakafu, kuvuta bomba na kurudishia vigae. Kwa fleti za kupangisha fedha hiyo hairudi kwenye kodi.

Bodi tatu au tano

Anayekwenda kwa fundi ajue hesabu ya bodi, kwa sababu hapo ndipo fedha huvuja. Bodi ya kawaida sokoni ina urefu wa milimita 2,440 na upana wa 1,220. Makabati manne ya chini ya mfano huo, yakitengenezwa kwa bodi ya milimita 16, yanahitaji mbavu nane za milimita 720 kwa 560, vitako vinne, rafu mbili, na vipande vinane vyembamba vya kufunga juu.

Bodi ikipasuliwa kwa urefu, hutoa vipande viwili vya upana wa 560 na kimoja chembamba cha milimita 92 hivi baada ya kutoa ulaji wa msumeno. Bodi mbili zinatoa vipande vinne vipana, na mbavu, vitako na rafu zote huenea humo, mradi zipangwe hivi: kipande cha kwanza mbavu mbili, kitako cha 568 na cha 368, cha pili mbavu mbili na kitako cha sinki cha 768, cha tatu mbavu tatu, cha nne ubavu mmoja na vipande vitatu vya 568. Vile vyembamba viwili hutoa vifungio vyote vinane vya juu. Bodi ya tatu, ya MDF au ya chipbodi iliyofunikwa kwa rangi moja, hutoa milango yote kutoka kipande cha upana wa 720, na mabaki yake yanatosha ubao wa kuziba miguu, masanduku ya droo na vipande vya kujazia. Ikiwa ni bodi yenye mistari ya mti, hesabu hubadilika. Mistari inapaswa kusimama wima mlangoni, kwa hiyo milango hukatwa kwa upande mwingine na ubao wa kuziba miguu utalazimika kuungwa.

Bodi tatu, basi. Fundi anayeanza kukata bila karatasi, akitoa kwanza mbavu zote na kufikiria vitako baadaye, atafika nne, na akiharibu kipande kimoja atafika tano. Mabaki hayo hayaendi jalalani. Hubaki karakanani na kuwa rafu za mteja mwingine. Mwenye nyumba aliyepeleka orodha ya ukataji mkononi, au aliyenunua bodi mahali penye mashine ya kukatia na kuzipeleka kwa fundi zikiwa vipande, huwa ameziba tundu hilo.

Kwa mwenye fleti nne hesabu ina nafuu nyingine. Migongo ya makabati ya jiko moja, ikikatwa kwenye hadibodi, huchukua safu mbili za kimo cha 720. Hadibodi moja ina safu tatu. Akinunua jiko moja moja atanunua hadibodi nne na kubakiwa na mabaki manne yasiyo na kazi. Akikata majiko manne kwa pamoja, safu nane zinaenea kwenye hadibodi tatu. Kiasi ni kidogo, lakini biashara ya majiko ya bei nafuu imejengwa kwa viasi vidogo vya namna hiyo.

Unyevu ndio adui

Mafundi wa umri mkubwa wanazikumbuka bodi za kiwanda cha Tembo Chipboards cha Mkumbara, wilayani Korogwe. Leo maduka yana bodi za asili nyingi, na jina lililopigwa muhuri pembeni halimwambii mnunuzi mengi. Swali la maana kwa jiko ni moja: bodi hiyo ikinywa maji inafanya nini?

Chipbodi ni chembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Ikipata maji kwenye ukingo ambao haukufunikwa, hunywa, huvimba, na ikikauka hairudi ilivyokuwa. Kitako cha kabati la sinki ndicho hufa kwanza, kisha ubao wa chini unaoguswa na maji ya kudeki. Viwango vya Ulaya hutenganisha bodi ya sehemu kavu, P2, na ya sehemu zenye unyevu, P3. Wauzaji wengi huonyesha ile ya pili kwa rangi ya kijani ndani yake. Mnunuzi asidanganyike na kijani. Ni rangi iliyotiwa kiwandani kama alama, na rangi peke yake haizuii maji. Hata bodi halali ya namna hiyo imetengenezwa kustahimili unyevu, si kukaa ndani ya maji.

Kipimo kipo na hakihitaji maabara. Hukatwa kipande cha sentimita 5 kwa 5 kutoka kila bodi inayofikiriwa, hupimwa unene kwa venia, huzamishwa kwenye maji kwa saa 24, kisha hupimwa tena. Maabara za Ulaya nazo hupima uvimbe kwa kipande cha ukubwa huo na muda huo. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakataa kutoa kipande cha mabaki. Mfanyabiashara anayetaka kuagiza kontena zima angefanya vyema kurudi na vipande hivyo kwenye begi kabla ya kusaini chochote.

Kinachofuata ni kingo. Kila ukingo uliokatwa hufunikwa kwa utepe wa plastiki, uliobandikwa kwa mashine ya gundi ya moto, si kwa pasi ya nguo. Makabati mengi ya bei ya chini yana utepe upande unaoonekana tu, na nyuma na chini bodi iko uchi. Hapo ndipo pa kuangalia dukani: kipande kigeuzwe. Tundu la sinki likikatwa kwenye kaunta ya bodi, ukingo wake upakwe vanishi au silikoni mara mbili kabla ya sinki kuwekwa. Kazi hiyo ni ya dakika kumi, nayo huamua kama kaunta itavuka masika yake ya kwanza.

Wapo wenye nyumba waliokata shauri jingine, nalo lina busara kuliko linavyopewa sifa. Upande wa sinki hujengwa kwa tofali na kumiminwa slabu ya zege, hufunikwa kwa vigae, na mbele huwekwa fremu na milango tu. Hauna ubavu wa bodi wa kuvimba wala kitako cha kuoza. Makabati ya boksi huwekwa upande mkavu, penye droo na vyombo. Jiko la mchanganyiko huo halitapigwa picha ya gazeti, lakini kwa fleti itakayobadilisha wapangaji mara nyingi ndilo lenye gharama ndogo ya matengenezo. Atakayelifanya aamue mapema, kwa sababu slabu ya zege inahitaji siku za kukauka na kimo chake lazima kilingane na cha makabati yatakayokaa jirani.

Vitu vinavyotembea

Baada ya maji, kinachoua jiko ni mwendo. Bawaba na reli za droo hufunguliwa mara nyingi kwa siku, na tofauti ya bei kati ya bawaba dhaifu na nzuri ni ndogo ikilinganishwa na bei ya mlango mzima. Jiko la mfano lina milango minne na droo tatu: bawaba nane, jozi tatu za reli, na miguu 16 ya plastiki. Kwa fleti nne ni bawaba 32, jozi 12 na miguu 64, kiasi ambacho duka la jumla Kariakoo litakipigia bei ya jumla. Bawaba za kabati zina kikombe cha kipenyo cha milimita 35, kipimo kinachofuatwa karibu dunia nzima, hivyo iliyokufa inaweza kubadilishwa kwa ya kampuni nyingine bila kutoboa upya. Kwa nyumba za karibu na bahari, Mikocheni mpaka Kunduchi au upande wa Kigamboni, hewa ya chumvi hula chuma kilichopakwa rangi ya nikeli tu. Huko chuma cha pua si anasa.

Miguu ya plastiki inayorekebishwa kwa kuzungushwa ni kitu kidogo chenye kazi kubwa. Huinua bodi kutoka sakafuni, na hufuata mawimbi ya sakafu bila kuweka vipande vya kadibodi chini. Fundi anayesimamisha kabati moja kwa moja sakafuni ili kuokoa miguu minne amempa mwenye nyumba kabati la muda.

Siku ya kufunga

Boksi hufunguliwa dukani, si nyumbani. Vipande huhesabiwa kwa karatasi yake, pembe hukaguliwa kama zimegongwa, mfuko wa skrubu hufunguliwa. Skrubu nne zilizokosekana zinaweza kusimamisha kazi siku nzima, na fundi wa kutwa analipwa hata akiwa amekaa.

Kabati likifungwa, hupimwa pembe kwa pembe. Mistari miwili ya mshazari ikilingana, kabati liko mraba, na hapo ndipo mgongo wa hadibodi hupigiliwa. Mgongo ndio unaolishikilia. Makabati husimamishwa kuanzia konani, penye sakafu ya juu zaidi, hupigwa pima maji, hubanwa pamoja na kufungwa skrubu ubavu kwa ubavu kabla ya kufungwa ukutani. Ukutani hutumika fisha za milimita 8 au 10 zilizoingia kwenye tofali lenyewe. Iliyoishia kwenye lipu itang'oka na sahani zote.

Kaunta huja mwisho, na kama ni ya graniti hupimwa baada ya makabati kufungwa, si kutoka kwenye mchoro. Graniti ya milimita 20 ina uzito wa kilo 54 hivi kwa kila mita ya mraba. Kaunta ya mita 3 kwa sentimita 60 inakaribia kilo 100, na ikikatwa kimakosa haiongezeki. Kwenye bajeti finyu, kaunta ya bodi iliyofunikwa vizuri au ya zege na vigae hufanya kazi hiyo hiyo, na tofauti ya fedha inaweza kulipia bodi ya unyevu na bawaba nzuri za fleti zote nne.

Mtungi wa gesi usifichwe ndani ya kabati lililozibwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hukaa chini na kujikusanya. Pa kuuweka ni nje, mpira ukipita ukutani ndani ya bomba, na tundu hilo litobolewe kabla ya vigae, siyo baada. Ikishindikana, kabati liwe na matundu ya hewa chini kabisa mlangoni.

Nafasi kwa wenye maduka

Kwa wafanyabiashara, soko hili lina upande ambao haujashughulikiwa ipasavyo. Maduka mengi huuza boksi na kumalizana na mteja hapo. Anayerudi baada ya miezi kutafuta mlango mmoja ulioharibika, bawaba mbili au kipande cha kujazia cha rangi ile ile, huambiwa mzigo huo umekwisha. Mwenye fleti nne hawezi kubadilisha jiko zima kwa sababu ya mlango mmoja, na akikosa mlango hatarudi kununua fleti ya tano.

Muuzaji anayeagiza aongeze kwenye oda yake milango ya ziada ya upana wa 40 na 60, ambao ndio unaotumika zaidi, vitako vya makabati ya sinki, na vipande virefu vya kujazia kwa kila rangi. Rangi ziwe mbili au tatu zisizobadilika kila msimu. Nyeupe na kijivu hafifu haziwavutii sana wapita njia, lakini mlango mweupe ulioagizwa mwakani utakaribia kulingana na wa mwaka huu, jambo lisilowezekana kwa bodi zenye michoro ya mti. Na anayeuza bodi, akiweka mashine moja ya kupasulia na nyingine ya kubandika utepe, anauza pamoja na bodi kile ambacho mwenye nyumba na fundi wa mtaani hawana: kipimo cha uhakika na ukingo uliozibwa pande zote nne.

Wanunuzi wengi wa makabati hufika baada ya masika, majengo yanapokauka na mafundi wa rangi wanapotoka. Oda ya kontena inayotaka kuwakuta watu hao sharti iwe imelipiwa miezi kadhaa kabla, vipande vya majaribio vikiwa vimeshatoka kwenye ndoo ya maji.